Mwizi Anaitazama Tiketi Yako ya Kurudi

Tarehe 10 Aprili 2013 makumbusho ya Louvre, jijini Paris, hayakufunguliwa. Watalii waliokuwa wamepanga foleni tangu asubuhi ili wakamtazame Mona Lisa walikuta milango imefungwa. Hapakuwa na moto wala tishio la bomu. Wafanyakazi wapatao 200 walikuwa wamegoma, wamechoshwa na wachomoaji: makundi ya vijana yaliyoingia humo ndani kila siku, yakasafisha mifuko ya wageni, na yakikemewa yakawageukia walinzi kwa matusi na vitisho. Wengi wao walikuwa watoto, na watoto Louvre hawalipi kiingilio. Miaka miwili baadaye, Mei 2015, Mnara wa Eiffel nao ukafungwa kwa saa kadhaa kwa sababu hiyohiyo.

Nayakumbusha haya kwa sababu hayafanani kabisa na wosia tunaopeana. Mtu wa kwetu akipata viza, ndugu humjaza maonyo: usitembee usiku, usipite vichochoroni, usiende mitaa ya walalahoi. Si maonyo mabaya, ila yanamkinga na mwizi ambaye pengine hatakutana naye. Mwizi anayemsubiri yuko Louvre. Yuko penye taa, kamera na walinzi, saa nne asubuhi, amevaa vizuri kuliko yeye, mkononi ana ramani ya jiji kama mgeni mwingine yeyote. Na yule msafiri, ambaye Kariakoo hutembea begi kifuani na simu ndani ya soksi, akishuka Paris analegea. Begi linahamia mgongoni, simu inawekwa juu ya meza ya mgahawa. Huku ni Ulaya bwana, kuna polisi.

Polisi wapo. Ila hesabu ya mwizi haianzii kwa polisi.

Wengi hudhani mtalii huibiwa kwa kuwa ana pesa. Mimi siamini. Mwenyeji wa Barcelona anayo simu ya bei ileile, na pochi yake huenda imenona kuliko ya mgeni aliyejibana miezi minane kulipia safari. Mtalii huibiwa kwa sababu anaondoka. Hispania, wizi wa kitu kisichozidi yuro 400 thamani, bila kutumia nguvu, ni kosa dogo. Adhabu yake ni faini. Mwaka 2022 sheria ilikazwa ili anayerudia kosa mara nyingi aweze kufungwa, lakini kurudia kosa lazima kuthibitishwe mahakamani, na mahakama inataka ushahidi, na shahidi mkuu ni mtu ambaye keshokutwa atakuwa Seoul au Arusha. Italia mambo yalikwenda mbali zaidi. Mageuzi ya sheria yaliyoanza kutumika mwishoni mwa 2022, ambayo watu huyaita kwa jina la waziri wa sheria aliyeyaandaa, Marta Cartabia, yaliweka sharti kwamba aina nyingi za wizi hazishtakiwi mpaka aliyeibiwa mwenyewe alalamike rasmi. Nia ilikuwa kupunguza mlundikano wa kesi. Kwa majirani wawili wanaogombania baiskeli, sharti hilo lina busara yake. Kwa mtalii ni zawadi kwa mwizi: askari wa Venice anaweza kumdaka mchomoaji mkono ukiwa bado ndani ya begi, kisha akalazimika kumwachia kwa sababu mwenye begi anawahi boti ya uwanja wa ndege.

Ndiyo maana mwizi wa mjini hana haja ya kisu. Kisu kinageuza kosa la faini kuwa kosa la jela, na kinamfanya mtalii apige kelele, aende kituoni, hata aahirishe safari. Kinachomfaa mwizi ni tukio dogo, laini, ambalo mgeni ataligundua baada ya nusu saa na kujisemea kwamba labda pochi aliiacha hotelini.

Na chombo anachokitumia ni adabu yako.

Istanbul kuna mchezo wa brashi. Mpiga kiwi anapita mbele yako na sanduku lake, brashi inadondoka, yeye hajui, anaendelea na safari. Wewe umelelewa vizuri. Unaiokota, unamkimbilia. Anakushukuru mpaka unaona haya, anasisitiza akupake viatu kiwi bure kama shukrani, na akimaliza anakusimulia habari za mtoto mgonjwa huku ametaja bei. Bangkok, karibu na Grand Palace, bwana mmoja nadhifu anakuambia kasri limefungwa leo kwa ibada. Bahati nzuri dereva wa bajaji yuko hapa, kwa pesa kidogo tu atakuzungusha kwenye mahekalu mengine. Mzunguko huishia kwenye duka la vito, ambako unauziwa kwa maelfu ya dola kitu chenye thamani ya vipande vya chupa. Kasri lilikuwa wazi wakati wote. Paris, kandokando ya mto Seine, mtu anainama mbele yako na kuokota pete ya dhahabu, anakuuliza kama ni yako. Kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur kijana anakufunga uzi mkononi huku anakuuliza unatoka Afrika ipi, na fundo likishakaza anataja bei.

Kwa mtu wa kwetu huyo wa mwisho ndiye hatari kuliko wote, kwa sababu mara nyingi ni Mwafrika mwenzako na anakuita kaka. Umekaa siku nne hujasikia mtu akikuita kaka. Unasimama.

Ukiyatazama kwa makini, haya yote ni kitu kimoja: mtu asiyekujua ameanzisha mazungumzo, na mazungumzo yakakuwekea deni. Deni la shukrani, la huruma, la undugu. Tusijifanye malaika, mchezo huu tunao nyumbani. Serikali ya Uingereza imewahi kuwaonya raia wake wajihadhari Tanzania na watu wanaojifanya marafiki, wakawaingiza kwenye teksi na kuwazungusha kwenye ATM moja baada ya nyingine. Papasi wanaojipachika kwa watalii Mji Mkongwe, Zanzibar, wengi wao wasio na ubaya wowote zaidi ya kutafuta kamisheni, wanajua nguvu ya neno karibu kuliko ofisi nzima ya utalii. Na vile vikombe vitatu vinavyochezeshwa juu ya daraja la Westminster, hatua chache kutoka Bunge la Uingereza, ni karata tatu zilezile za kwenye stendi zetu. Anayeshinda ni mwenzao, anayeshangilia ni mwenzao, na aliyesimama nyuma yako kwa karibu mno naye ni mwenzao.

Kuna Mmarekani aitwaye Apollo Robbins, kazi yake ni kuchomoa watu jukwaani kwa burudani kisha anawarudishia mali zao. Mwaka 2001 aliwachomolea walinzi wa Rais mstaafu Jimmy Carter, watu wanaolipwa kwa kutazama mikono ya wengine. Watafiti wa ubongo Stephen Macknik na Susana Martinez-Conde walivutiwa na jambo alilokuwa amelijua kwa uzoefu tu: mkono ukienda kwa mstari ulionyooka, jicho huruka hadi unapoishia na kurudi haraka, ukienda kwa kupinda kama upinde, jicho huufuata njia nzima. Walilipima, wakakuta ni kweli. Kwa hiyo anayekuonyesha kitu hewani kwa madoido, au anayekufuta koti akidai ndege amekuchafua, hafanyi ovyo. Umakini wako ni mmoja. Ukiwa kwenye koti, hauko kwenye mfuko wa nyuma. Robbins hutumia maneno pia: swali lolote linalokulazimisha ukumbuke jambo linakutoa pale ulipo. Unatoka Afrika ipi ni swali la namna hiyo.

Ushauri wa kutomwamini mtu yeyote siukubali. Safari ya hivyo haina maana, na pia haitekelezeki: utapotea, utaumwa, simu itakuzimikia, utahitaji mtu. Kipimo changu ni kuuliza nani ameanza. Ukiingia dukani wewe mwenyewe ukamchagua muuzaji mmoja ukamwuliza njia, uwezekano wa kuangukia kwa tapeli ni mdogo sana, kwa sababu matapeli ni wachache katika jiji lolote. Akija yeye kwako penye watalii, hesabu imegeuka, maana hapo wanaojitokeza wenyewe kuongea na wageni ni walewale wachache. Mpotezee. Na kwa aliyelelewa Pwani, ambaye kupita bila kuitikia salamu kwake ni sawa na kutukana, dawa ipo: itika, huku miguu inaendelea. Salamu haidai kusimama.

Hapo nimesema ya wale wanaokuja kwa upole. Wapo wanaokuja kwa amri, na hao nataka kukaa nao kidogo, kwa kuwa vitabu vya wasafiri huwaeleza kana kwamba wasafiri wote ni weupe.

Askari bandia ni mbinu ya zamani katika miji mingi ya Ulaya. Wanaume wawili wenye nguo za kiraia, kitambulisho kinapepezwa na kurudishwa mfukoni, wanasema wanatafuta noti bandia au dawa za kulevya, waone pochi yako. Msafiri wa Denmark hushangaa, na mshangao wake unamwokoa: hajawahi kusimamishwa na askari barabarani, kwa hiyo ananusa kitu. Mweusi hashangai. Mwaka 2017 chombo huru cha kutetea haki nchini Ufaransa, Défenseur des droits, kilitoa matokeo ya utafiti kwamba vijana wa kiume wanaoonekana kuwa weusi au Waarabu walikuwa na uwezekano mara 20 zaidi ya wengine wa kusimamishwa na kudaiwa vitambulisho. Mtu aliyeambiwa hayo kabla ya safari, au ambaye yameshamkuta siku ya pili, ameshajifunza kutii haraka ili yaishe. Tapeli anavuna pale polisi wa kweli walipopanda.

Alama ya kuwatofautisha ni pochi. Askari wa kweli anataka hati zako. Pesa zako hazimhusu, wala hazihesabu mtaani. Ukiombwa pochi, sema kwa sauti ya kawaida kwamba uko tayari kwenda kituoni kwa miguu, na shika simu upige 112, namba ya dharura inayofanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya. Wa kweli atakubali kituo. Wa bandia atakumbuka ana kazi kwingine.

Hili linaleta swali la pasipoti, na hapa natofautiana waziwazi na ushauri uliozoeleka. Karibu kila mwongozo unasema iache kwenye sefu ya hoteli, tembea na nakala. Umeandikwa kwa ajili ya mtu asiyesimamishwa. Sheria ya wageni ya Hispania inamtaka mgeni awe na hati zake za utambulisho, na mweusi aliyekutwa na karatasi ya fotokopi saa tatu usiku anaweza kumalizia jioni yake kituoni akisubiri uhakiki. Mimi nasema tembea nayo, lakini isikae kwenye begi, wala kwenye koti, wala mfuko wowote ambao mkono wa mtu mwingine unaweza kuufikia. Kuna vimfuko vyembamba vya kuvaa chini ya shati, kiunoni au shingoni. Bibi zetu walifanya hivyohivyo kwa pindo la kanga, na sijasikia bibi aliyechomolewa sokoni.

Pesa ya matumizi ya siku ikae pengine, ile unayoweza kuitoa mbele ya watu. Kosa kubwa ni kufunua hazina nzima ili kununua maji. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Eastleigh wanaofuata nguo Laleli, Istanbul, wanalijua hili kuliko watalii, kwa kuwa wao hubeba mtaji wa watu wengine; wengi hugawana dola na wenzao wa safari ili pigo moja lisiwamalize wote.

Pasipoti ina uzito kwetu ambao Mwingereza hawezi kuuelewa. Yeye au Mmarekani akiibiwa Barcelona ana ubalozi wake mdogo mjini humohumo. Mkenya atafunga safari hadi Madrid. Mtanzania hushughulikiwa na ubalozi wa Paris, nchi nyingine, na hawezi kupanda ndege kwenda huko kwa sababu ndiyo kwanza amepoteza kitu cha kupandia ndege. Viza iliyogongwa ndani ya pasipoti imekwenda nayo. Hati ya dharura atakayopewa ni ya kumrudisha nyumbani. Miji mingine aliyokuwa ameipanga aisahau. Na akishatoa taarifa kwamba imeibiwa, halafu aikute chini ya godoro la hoteli, asithubutu kusafiri nayo: Interpol ina hifadhi ya hati zilizoibiwa na kupotea tangu 2002, na afisa wa mpakani akiipitisha kwenye mashine atamwona mwenye hati kama ndiye mwizi.

Simu ni habari nyingine kabisa. London hunyakuliwa mkononi na kijana aliye juu ya baiskeli ya umeme, ukiwa umesimama ukingoni mwa barabara unatafuta njia kwenye ramani. Oktoba 2025 polisi wa jiji hilo walitangaza kuvunja mtandao unaoshukiwa kusafirisha hadi simu 40,000 za wizi kwenda China ndani ya mwaka mmoja. Maana yake simu yako haitafutwi na kibaka mwenye njaa. Ina mnunuzi, ina kontena, ina bei. Simama ndani ya duka ukisoma ramani, au geuka mgongo uelekee ukuta.

Lakini kwetu kifaa ndicho hasara ndogo. Hasara ni laini. Benki inatuma namba za siri kwenye laini, M-Pesa iko kwenye laini, na tangu usajili wa alama za vidole uanze Tanzania Mei 2019, kurudisha laini iliyopotea kunataka kidole chako mbele ya wakala. Kidole kiko Barcelona, wakala yuko Sinza. Kwa hiyo jipange kwa mambo mawili yasiyogharimu sana. Iwekee laini namba ya siri yake yenyewe, tofauti na ile ya kufungulia simu, ili mwizi asiihamishie kwenye simu nyingine akaanza kupokea ujumbe wako wa benki. Na laini kuu iache kwenye kiswaswadu ndani ya sanduku hotelini, simu nzuri uitumie kwa laini ya huko. Kadi ya benki ya pili ikae mbali na ya kwanza. Kadi mbili ndani ya pochi moja ni kadi moja.

Bima nayo inawadanganya wengi. Ile uliyonunua ili upate viza ya Schengen, yenye kiwango cha chini cha yuro 30,000, sharti lake la kisheria ni matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani ukiugua au kufa. Begi halimo kwenye sharti hilo. Kama mkataba wako unalipia wizi ni kwa sababu kampuni imeongeza yenyewe, na itakudai ripoti ya polisi.

Basi na tuseme umeshachomolewa. Usikimbize. Kwetu ukipiga kelele ya mwizi mtaa mzima unatoka, wakati mwingine na mawe, jambo ambalo ni aibu yetu. La Rambla, Barcelona, watu wanageuka, wanatazama, wanaendelea na aiskrimu zao. Kwingine mambo ni tofauti kidogo: Venice kuna mama mmoja, wakati huo diwani wa chama cha Lega, Monica Poli, aliyevuma duniani mwaka 2023 kwa video akipiga kelele mbele ya watalii kuwatahadharisha na wachomoaji. Wapo waliomcheka, wapo waliomshukuru, na wapo waliolalamika kwamba kelele kama zake zinanyooshea kidole jamii nzima ya Waroma, wale ambao wengine huwaita Jipsi. Naelewa lalamiko hilo kwa sababu rahisi: mweusi anayekimbia katikati ya umati wa watalii huku watu wanapiga kelele za mwizi, nani atajua kwamba yeye ndiye aliyeibiwa? Isitoshe, unayemkimbiza huenda hana hata kitu chako. Pochi imeshapita mikono miwili.

Nenda kituoni, hata kama ni saa mbili zako za mwisho Roma. Huko na Hispania ripoti huitwa denuncia, na bila karatasi hiyo ubalozi utakuuliza maswali mengi zaidi, bima haitakusikiliza, na kwa sheria ya Italia niliyoieleza juu mwizi hana kesi.

Kwa balozi zetu nina ombi moja. Wizi haungoji siku za kazi; Jumamosi na Jumapili watalii wamejaa na ofisi zimefungwa. Iwepo namba moja ya WhatsApp kwa kila ubalozi, ibandikwe kwenye kila pasipoti mpya inayotolewa, na iwe na mtu wa kuipokea Jumamosi jioni.